Mtwara na Lindi hadi Dar kwa basi: namna ya kusafiri kwa bei ya chini bila kupoteza hela pembeni

Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 560 za lami. Kutoka Lindi ni kama 450. Nauli ya safari hii inajulikana na ina kikomo kisheria, lakini abiria wengi hutumia nusu yake tena kwa vitu vilivyo pembeni ya tiketi: mpiga debe, mzigo uliozidi, chakula cha hotelini, na bajaji ya usiku baada ya kushuka. Mwongozo huu unafuata safari hatua kwa hatua, tangu nyumbani mpaka unaposhuka, ukionyesha hela inavujia wapi na namna ya kuziba.

Hatua ya 1: Jua nauli yako kabla hujafika stendi

Nauli za mabasi ya mikoani husimamiwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini, na hupangwa kwa kilometa kwa kila abiria. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilometa kwa daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Chukua kilometa zako, zidisha, umepata kikomo. Kwa Mtwara–Dar:

Daraja la kawaida: 560 × 48.47 = kama 27,100.
Daraja la kati: 560 × 67.84 = kama 38,000.

Kwa Lindi–Dar inakuja kama 21,800 na 30,500. Kilometa hizi ni za kukadiria, kwa hiyo usigombane na mtu kwa shilingi mia tano. Ukiambiwa elfu arobaini na tano kwa gari la kawaida, hapo una haki ya kuuliza. Jedwali la nauli kwa kila njia hutolewa na LATRA. Liangalie kabla ya safari, maana kiwango kikibadilika hesabu hii nayo inabadilika.

Mambo mawili watu huyachanganya. La kwanza, kiwango hicho ni cha juu kabisa. Mwenye basi hazuiwi kuuza chini yake, na abiria wakiwa wachache wengi hushusha bei ili gari lisiondoke na siti wazi. La pili ni madaraja. Kwa kawaida gari la siti tatu upande mmoja na mbili upande wa pili ni daraja la kawaida. La mbili kwa mbili lenye nafasi ya miguu ndilo huuzwa kama daraja la kati. Kiyoyozi kilichokufa au televisheni iliyozimika havipandishi gari daraja. Kama bajeti ni ngumu, tofauti ya karibu elfu kumi na moja kati ya madaraja hayo mawili ni hela ya maana, na magari yote yanafungwa na mwendo uleule wa barabarani. Daraja la kati linakupa starehe, halikupi saa.

Hatua ya 2: Chagua siku, saa na mahali pa kupandia

Kusini kuna misimu inayojaza mabasi: minada ya korosho kuanzia Oktoba, Krismasi na mwaka mpya, Idd, na shule zinapofunguliwa Januari. Ukiweza, safiri kinyume na wimbi. Gari lililojaa watu wa Dar wanaokuja kula sikukuu kwao, linarudi Dar siku inayofuata likiwa na siti tupu. Siku hizo ndizo za kuomba kupunguziwa, na mara nyingi unapunguziwa. Baada ya sikukuu mambo yanageuka: kutoka Mtwara kwenda Dar ndiko kunakobana, na tiketi ikatwe siku nne au tano kabla.

Mabasi ya asubuhi huondoka alfajiri, kuanzia saa 11 au 12. Tangu LATRA iliporuhusu safari za usiku mwaka 2023, yapo pia yanayoondoka jioni na usiku. Kabla ya kuchagua, piga hesabu ya saa ya kufika. Safari ya Mtwara–Dar huchukua saa 9 hadi 10. Mwendo wa mwisho wa basi la abiria ni kilometa 80 kwa saa, kwenye makazi ni 50, na barabara ya Kilwa ina vijiji na matuta mengi. Hata gari lisiposimama kabisa, 560 kugawa kwa 80 ni saa 7. Anayekuahidi saa 6 ama anakudanganya, ama anapanga kukimbiza gari na wewe ukiwa ndani.

Sasa angalia: gari la saa 10 jioni linakushusha Mbagala saa 7 au 8 usiku, daladala hakuna, na hela uliyookoa inaishia kwa bajaji au nyumba ya wageni. Gari la saa 3 usiku linafika alfajiri, unapanda daladala ya kwanza, na umeokoa malazi ya usiku mmoja. Kama ni la asubuhi, liwe la alfajiri kweli ili ufike mchana au jioni.

Kuhusu mahali pa kupandia: mtu wa Masasi, Ndanda au Nachingwea hana sababu ya kwenda Mtwara au Lindi mjini kwanza. Magari ya Masasi–Dar yanaunganisha na njia ya Mtwara kwenye njia panda ya Mnazi Mmoja ya Lindi na kuendelea kaskazini, kwa hiyo panda ulipo. Newala na Tandahimba nako tafuta gari la moja kwa moja kabla ya kufikiria kulala Mtwara. Wa Lindi aulize jambo moja: gari hili linaingia stendi ya mjini au linapita tu? Kusimama barabarani na mabegi huku gari limeshapita ni hasara ya siku nzima.

Kugawa safari vipande, yaani Mtwara–Lindi kwa kosta kisha Lindi–Dar kwa basi, mara nyingi hakupunguzi kitu. Utalipa bodaboda mara mbili na wapakiaji mara mbili. Fanya hivyo tu kama magari ya Mtwara yamejaa na umeshahakikishiwa kwa simu kwamba Lindi kuna siti.

Hatua ya 3: Kata tiketi mahali sahihi

Nenda kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, stendi ya Mkanaledi kwa Mtwara au stendi yako ya wilaya, ikiwezekana siku moja kabla, mchana, wakati watu ni wachache. Wapiga debe hawana bei yao wenyewe. Wanachoongeza ni kamisheni, na inatoka mfukoni mwako. Ukikaribia stendi na begi, lishike mwenyewe. Atakayekunyang'anya "akusaidie" atakudai elfu moja au mbili kwa hatua thelathini.

Dirishani, uliza kwa mpangilio huu, kwa adabu na bila haraka:

"Habari za kazi, dada. Gari la kesho la Dar ni la saa ngapi, na ni daraja gani? Siti ni mbili kwa mbili? Linaishia wapi, Mbagala, Temeke au Mbezi? Naomba siti ya katikati, upande wa dereva."

Akijibu vyote, ndipo utaje bei: "Naomba unifanyie elfu ishirini na tano." Ukianza na bei kabla ya kujua daraja na mahali linapoishia, utapunguziwa kitu usichokijua.

Ukilipa kwa simu, tumia lipa namba ya kampuni. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Likiwa jina la mtu binafsi, acha, hata kama anasema ndiye wakala. Lipia papo hapo mbele ya dirisha na usiondoke mpaka tiketi imetoka.

Tiketi halali ni ya kielektroniki, iwe karatasi ya mashine au ujumbe wa simu. Isome palepale, mstari kwa mstari: jina lako, namba ya simu, tarehe, saa ya kuondoka, namba ya gari, namba ya siti, unakotoka, unakokwenda, na kiasi ulicholipa. Kosa linalotokea sana ni tarehe: umekata usiku wa Jumanne kwa safari ya alfajiri ya Jumatano, mashine imeandika Jumanne. La pili ni kiasi: umelipa 30,000, imeandikwa 25,000. Hiyo elfu tano haina ushahidi, na likitokea la kutokea hutarudishiwa. Kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu na maneno "utapewa nyingine kwenye gari" usikipokee.

Anayeshukia katikati, kwa mfano Nangurukuru kwenda Kilwa Masoko, aombe nauli ya kituo chake. Nangurukuru iko karibu nusu ya safari ya Mtwara–Dar, na nauli yake inapaswa kukaribia nusu. Siku za msimu konda atataka nauli nzima kwa hoja kwamba siti itabaki wazi. Haitabaki, itauzwa tena palepale Nangurukuru. Mwambie hivyo kwa upole, na ukikataliwa tafuta gari linaloishia Kilwa.

Hatua ya 4: Siti

Kwenda Dar uso unatazama kaskazini. Asubuhi jua linapiga upande wa dereva, na kuanzia saa 7 mchana linahamia upande wa mlango, ambao ndio unaoungua kwenye saa za joto kali. Kwa gari la asubuhi lisilo na kiyoyozi, omba upande wa dereva. Ukirudi kusini geuza: kaa upande wa mlango.

Siti nzuri ni zile za katikati, kati ya tairi za mbele na za nyuma. Nyuma ya tairi za nyuma kila tuta linakurusha, na mwenye mgongo mbovu au mjamzito asikubali kukaa huko hata kwa punguzo. Mabasi mengi ya siku hizi injini iko nyuma, kwa hiyo mstari wa mwisho una joto na kelele pia. Mtoto anayetapika akae katikati dirishani, na asile kitu cha mafuta asubuhi hiyo.

Ukishakaa, vuta mkanda uone kama unafunga. Kama haufungi, omba kuhamishwa kabla gari halijajaa.

Hatua ya 5: Mzigo

Hapa ndipo watu wa kusini wanapoumia, kwa sababu hakuna anayekwenda Dar mikono mitupu.

Abiria ana haki ya kilo 20 bila malipo. Kama huna mizani nyumbani, jaza maji ndoo ya lita 20 mpaka juu na uinyanyue. Huo ndio uzito wa kilo 20. Kisha nyanyua begi lako. Mkono utakuambia karibu sawasawa. Ukizidisha, punguza nyumbani. Kinachozidi kinalipiwa, na bei yake hupanda mzigo ukishaingia kwenye buti. Kwa hiyo elewana na konda mzigo ukiwa bado chini, mpe hela yeye na si utingo, na udai risiti.

Begi la shangazi kaja huchanika zipu kwa urahisi. Lizungushie kamba mara mbili, msalaba. Kiroba kishonwe mdomo. Andika kwa maka peni pande mbili za mzigo, jina, namba ya simu na kituo cha kushukia. Upande mmoja hautoshi, maana ndio utakaolaliwa na gunia la mwenzako. Piga picha ya mzigo ukiwa kwenye buti. Ukipewa kipande cha namba, kihifadhi pamoja na tiketi.

Samaki wabichi wanafika Dar salama kama wamefungwa hivi. Watoe matumbo, waoshe, wagandishe usiku kucha. Gandisha pia maji kwenye chupa nne za lita moja na nusu. Barafu ya vipande usiitumie: ikiyeyuka inavuja, inalowanisha mizigo ya wengine, na utingo atakushusha ndoo njiani. Kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, laza chupa mbili chini, panga samaki kama kilo nane waliofungwa kwenye magazeti, weka chupa mbili juu, jaza mianya kwa magazeti, funga mfuniko na uzungushie solatepu yote. Omba iwekwe mbali na injini na karibu na mlango wa buti. Ng'onda (samaki wakavu) na dagaa hawahitaji barafu, ila harufu yao inahitaji viroba viwili, kimoja ndani ya kingine.

Korosho ni habari nyingine. Beba zilizobanguliwa tu. Korosho ghafi huuzwa kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani, na ununuzi wa nje ya mfumo huo, kangomba, unasakwa msimu mzima. Kiroba cha ghafi kikikutwa kwenye kizuizi, basi litaondoka na wewe utabaki ukijieleza. Hata kama ni za shamba la bibi, huna karatasi ya kuonyesha.

Simu, vyeti, dawa na hela hukaa nawe, kwenye begi dogo miguuni. Kwenye keria ya juu weka nguo tu.

Hatua ya 6: Njiani

Fika stendi nusu saa kabla. Linganisha namba ya gari iliyo kwenye tiketi na ya kwenye bamba. Alfajiri, gizani, magari mawili ya kampuni moja yakiwa yamesimama pamoja, watu hupanda lisilo lao. Ukikuta mtu kwenye siti yako, mwonyeshe tiketi kwanza kabla ya kumwita konda. Mara nyingi amesoma 14 badala ya 41.

Chakula kitoke nyumbani: mihogo ya kuchemsha, chapati, mayai, na maji lita moja na nusu kwa mtu. Kituo cha chakula ni cha dakika 15 au 20 na bei zake zinajua hivyo. Kama lazima ule, agiza kilichokwisha iva. Chipsi za kukaangwa ndizo huwaacha watu wakikimbiza basi na mfuko mkononi.

Kusimama kuchimba dawa hakuna ratiba. Ukihisi, mwambie konda mapema, usisubiri kubanwa. Chooni kwenye vituo hulipiwa, kwa hiyo weka sarafu mfukoni. Ukishuka popote, mwambie jirani yako wa siti. Konda huhesabu vichwa harakaharaka, jirani ndiye anayekumbuka.

Basi la safari inayozidi saa 8 linapaswa kuwa na madereva wawili wanaopokezana. Ukiona dereva anasinzia au gari linakimbizwa, mwambie konda kwa sauti ambayo abiria wengine wanaisikia; malalamiko ya watu kumi hupunguza mwendo haraka kuliko ya mmoja. Yasiposikilizwa, piga namba ya bure ya LATRA iliyobandikwa ndani ya gari, au 112 kwa polisi, ukitaja namba ya gari na kijiji mnachopita.

Hatua ya 7: Gari likiharibika au njia ikikatika

Gari likifa, wajibu wa kukufikisha ni wa mwenye gari. Atalitafuta jingine kwa gharama yake au akurudishie hela ya kipande kilichobaki. Usilipe nauli ya pili kwa gari linalokuja kuwachukua bila konda wako kuzungumza na konda wa lile, mbele yako. Tiketi yako ndiyo silaha, na ndiyo sababu kiasi kilichoandikwa kilipaswa kuwa sahihi.

Mvua ni jambo kubwa zaidi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni na safari ililala njiani. Daraja limeondoa hilo, lakini mabonde ya upande wa Kilwa, hasa Somanga na Matandu, bado hujaa maji. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika huko na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kuanzia Machi mpaka katikati ya Mei, piga simu ofisi ya basi usiku wa kuamkia safari uulize njia ikoje, ubebe chakula cha ziada cha nusu siku, dawa za siku tatu, na akiba ya kama elfu ishirini ambayo hutaigusa. Na maji yakivuka barabara, dereva akitaka kujaribu, shuka. Lami iliyo chini ya maji huenda imeshaondoka.

Hatua ya 8: Kushuka Dar

Magari ya kusini yanaingia kwa barabara ya Kilwa: Mkuranga, Vikindu, Kongowe, kisha Mbagala Rangi Tatu. Usikubali kupelekwa mpaka mwisho wa gari kwa mazoea. Anayekwenda Mbagala, Kigamboni, Temeke au Kariakoo ashuke Mbagala apande daladala kwa mia kadhaa. Anayeelekea Kimara au anayeunganisha kwenda Morogoro ndiye anayefaidika kama gari lake linafika Stendi ya Magufuli, Mbezi. Mwambie utingo kituo chako mkiwa Mkuranga, ili mzigo wako uwe karibu na mlango wa buti.

Hakikisha mzigo umeshuka kabla hujaita bodaboda. Ukague kamba. Ukikuta umefunguliwa, usiondoke. Onyesha konda palepale, piga picha, na aandike nyuma ya tiketi. Ukishafika nyumbani hakuna atakayekusikiliza.

Kama una siku ya kurudi, kata tiketi ya kurudia hapo hapo Mbagala kwenye ofisi ya kampuni kabla hujatoka stendi. Utakuwa umeokoa daladala mbili za kuja kuikata siku nyingine.